Bima inasema mtoto hajapimwa wala hajakamilisha chanjo, na mimi ndiye niliyempakata akichomwa. Taarifa hupotelea wapi?

#1 Mama Neema (Louisville)

Salaam wote. Wiki iliyopita nimepata barua kutoka kampuni ya bima inayomhudumia binti yangu chini ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hapa Kentucky. Inasema Neema hajawahi kupimwa madini ya risasi kwenye damu, na kwamba chanjo zake zina pengo.

Neema katimiza miaka miwili mwezi wa tano. Damu alitolewa Desemba, ya kidoleni, nimempakata mwenyewe, alilia hadi nesi akamwomba radhi. Sindano alichomwa Machi, na kadi yake ninayo kwenye pochi, tarehe zimeandikwa. Nikapiga simu. Dada wa bima akanijibu kwa upole kabisa: "Kwenye mfumo sioni kitu, mama." Kliniki nao wanaapa walituma.

Nyumba tunayopanga ni ya zamani, rangi inabanduka dirishani, na rangi za zamani huwa na risasi. Ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi. Nauliza: kati ya kliniki na bima taarifa hupotelea wapi? Na ikipotea, nani anafaidika?

#2 Mkongo wa Dayton

Pole mama. Hata sisi huku Ohio tumeyaona. Minawaza jibu ni rahisi: wanaficha. Kampuni inalipwa na serikali kwa kila kichwa, kila mwezi, mutoto aende kliniki asiende. Sasa kwa nini wajisumbue kuandika kwamba alienda? Pesa imekwisha kuingia.

#3 Mwalimu Sumbawanga

Naomba kuchangia kutoka nyumbani, ingawa hiyo Medicaid siijui. Alichosema #2 sisi walimu tunakifahamu kwa jina la kapitesheni. Shule ya msingi hapa Tanzania inahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Fedha inafuata kichwa, haifuati kipindi kilichofundishwa. Kwa hiyo idadi ya vichwa inaangaliwa kwa macho makali sana, mpaka mwaka 2016 tukahesabiwa upya wote kutafuta wanafunzi hewa. Lakini idadi ya vipindi vilivyofundishwa kweli? Hiyo ipo kwenye daftari la mwalimu mkuu na hakuna fedha inayoifuata.

Kumbe huko kwenu mgonjwa si hewa. Huduma ndiyo imekuwa hewa.

#4 Kalamu ya Columbus

Mwalimu umegonga ndipo, lakini #2 ndugu yangu umekimbia mno. Mimi nafanya kazi ya madai ya hospitali, yaani maombi ya malipo yanayotumwa kwa bima, mwaka wa tisa sasa, wacha niwaeleze njia ambayo taarifa inapita.

Mtoto akihudumiwa, kliniki inageuza ile huduma kuwa misimbo: mmoja wa ugonjwa au sababu ya kuja, mwingine wa kilichofanyika. Vyote vinaingia kwenye faili la kompyuta tunaloliita 837. Faili linapita kwa kampuni ya kati inayochuja makosa, ndipo linafika kwa bima. Bima inaamua kulipa au kukataa. Baada ya hapo, na hapa ndipo wengi hawapajui, bima inatakiwa kuituma taarifa ileile kwa serikali ya jimbo, hata kama yenyewe inalipwa kwa kichwa. Jimbo nalo linaipeleka kwa serikali kuu, kwenye mfumo uitwao T-MSIS. Hiyo taarifa ya huduma inayotoka bima kwenda jimboni ndiyo sisi kazini tunaiita enkaunta.

Hesabu milango: kliniki, kampuni ya kati, bima, jimbo, serikali kuu. Kila mlango una bawabu wake, na kila bawabu ana masharti yake. Nimeona dai limelipwa vizuri na bima halafu jimbo likaikataa enkaunta yake kwa sababu usajili wa daktari kwa jimbo ulikuwa umeisha muda. Tangu 2018 sheria inataka kila mtoa huduma wa mtandao wa bima awe amesajiliwa pia na Medicaid ya jimbo. Mgonjwa katibiwa, daktari kalipwa, lakini kwenye vitabu vya jimbo hakuna kilichotokea siku ile.

Hapo hakuna aliyeficha. Na nani anafaidika? Kwa uzoefu wangu, hakuna.

#5 Takwimu wa Hartford

Hakuna anayefaidika? Hapo sikubaliani na #4, ingawa maelezo yake ya njia ni sahihi kabisa.

Wataalamu wa hesabu za bima wanatumia enkaunta za miaka iliyopita kupanga jimbo lilipe kiasi gani kwa kichwa. Zikiwa pungufu, kampuni inabaki na nafasi kubwa ya kubishana juu ya gharama zake, maana vitabu ni vyake peke yake. Mwaka 2009 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilikuta majimbo 15 kati ya 40 yenye mipango hii hayakuwa yakifikisha enkaunta serikali kuu. Mwaka 2021 ofisi hiyohiyo ikaangalia kipengele kimoja tu, yaani bima inamlipa daktari kiasi gani, ikakuta majimbo mengi taarifa zake hazijakamilika au si sahihi. Miaka kumi na miwili baadaye!

Kanuni zipo. Ile ya 2016 inataka taarifa ziwe kamili, sahihi na kwa wakati, jimbo likague angalau kila baada ya miaka 3, na serikali kuu inaweza kuzuia fedha zake jimbo likishindwa. Kanuni haijakosekana.

#6 Mkongo wa Dayton

#5 asante, umenibeba. Nilisema wanaficha!

#7 Takwimu wa Hartford

Sikusema wanaficha. Nimesema hawana haraka.

#8 Muuguzi Des Moines

Wakuu mmeruka juu sana, rudini kwa Mama Neema.

Mama, umesema damu ilitolewa kidoleni. Hilo ni muhimu kuliko mnavyodhani. Damu ya mshipani kawaida inapelekwa maabara kubwa, na maabara inatuma dai lake yenyewe. Damu ya kidoleni mara nyingi inapimwa palepale kliniki kwa kamashine kadogo, jibu linatoka baada ya dakika chache. Kliniki ndiyo inayotakiwa kutuma dai, msimbo ni 83655, na kwa kamashine kale lazima waongeze herufi mbili, QW, kuonyesha kwamba kliniki ina kibali cha kipimo chepesi. Herufi hizo zikisahaulika dai linarudi. Likirudi, kliniki yenye karani mmoja aliyezidiwa inaliacha, maana fedha yake haifidii muda wa kulifuatilia.

Jibu lenyewe huenda limefika idara ya afya ya jimbo, kwa sababu matokeo ya risasi yanaripotiwa huko. Lakini idara ya afya ni nyumba nyingine na Medicaid ni nyumba nyingine. Mtu akikuambia "kwenye mfumo sioni kitu", muulize: mfumo upi?

#9 Mama Neema (Louisville)

Nesi asante sana. Ndiyo, ilikuwa kamashine, jibu tulipewa tukiwa bado tumekaa. Aliniambia "iko chini, usiwe na wasiwasi". Namba sikuiandika.

#10 Muuguzi Des Moines

Kaiombe hiyo namba, kwa maandishi. Tangu 2021 kiwango cha kuanza kufuatilia ni mikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita ya damu, zamani kilikuwa 5. Neno "chini" bila namba halikusaidii mwakani, hasa na dirisha lenye rangi ya kubanduka. Rangi ya risasi ilipigwa marufuku majumbani 1978, nyumba za kabla ya hapo ndizo zenye mashaka.

#11 Dereva wa Phoenix

Ngoja niwape ya upande wangu. Nabeba wagonjwa wa Medicaid, nawapeleka dialisisi, kliniki, kwa daktari wa macho. Kila safari naandika saa ya kumchukua, saa ya kumshusha, sahihi ya mgonjwa. Mwaka juzi dalali wa usafiri, yule anayetugawia safari, akachukua tena malipo ya safari nne za mzee mmoja wa Kisomali. Sababu: "Siku hizo hakuna huduma ya afya iliyoonekana kwa mgonjwa huyu."

Mimi nimemshusha mlangoni! Nimemshika mkono kwenye barafu! (Ndiyo, safari mbili zilikuwa Flagstaff, kule kuna theluji, msinicheke.) Ikabidi niende kliniki kuomba karatasi kwamba mzee alikuwepo. Walinipa, na malipo yakarudi baada ya miezi mitatu. Kumbe kliniki walichelewesha madai yao, nami nikaonekana mwizi.

Kwa hiyo #4 ukisema kosa la taarifa halimuumizi wala kumfaidisha mtu, mimi liliniuma. Kodi ya nyumba haisubiri miezi mitatu.

#12 Kalamu ya Columbus

Pole dereva, nimekosea kusema vile. Nilisema hakuna anayefaidika, ila wanaoumia wapo, tena wengi.

#13 Mlezi Mwanza-Seattle

Afadhali nyie wa misimbo. Sisi walezi wa wazee majumbani tunafuatwa na simu. Sheria ya 2016 ilileta uhakiki wa kielektroniki: naingia kwa mzee nabonyeza, natoka nabonyeza, na simu inaonyesha niko wapi. Nikisahau kubonyeza kwa sababu mzee kaanguka chooni na ninamwinua, saa hiyo haipo. Nashangaa kwamba dakika zangu zinajulikana hadi nilipo simama, na kampuni kubwa inaweza kupoteza kipimo kizima cha mtoto.

#14 Pwani Halisi (Mombasa)

Haya mambo yako kila mahali. Huku kwetu bima ya afya ya serikali, NHIF, imeondoka, SHA imeshika tangu Oktoba 2024, na bado mtu anasimama dirishani akiambiwa jina halionekani. Hiyo Medicaid si ndiyo aliyoianzisha Obama?

#15 Takwimu wa Hartford

Hapana. Medicaid ilisainiwa na Rais Lyndon Johnson, Julai 30, 1965. Obama aliipanua kwa sheria ya 2010, na upanuzi ukaanza 2014. Arizona, alipo dereva wetu, ndiyo jimbo la mwisho kujiunga, 1982, na lilianza na mipango ya kulipa kwa kichwa tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana kule wana mazoea ya siku nyingi ya kudai enkaunta.

Huku kwetu Connecticut tulifanya kinyume. Januari 2012 jimbo liliachana na kampuni hizi, likaanza kulipa watoa huduma lenyewe na kuajiri kampuni za kusimamia kazi tu bila kubeba hatari ya gharama. Dai linakwenda kwa jimbo bila kupitia bima, mlango mmoja wa #4 umeondoka.

#16 Kalamu ya Columbus

Na makosa yameisha?

#17 Takwimu wa Hartford

Hayajaisha. Kuna kliniki zinazokosea kokote. Lakini jimbo likiuliza huduma ngapi zimetolewa, linafungua kabati lake mwenyewe.

#18 Mkongo wa Dayton

Miye narudi na jambo lingine, mutanisamehe kwa kurefusha. Kwetu majina. Nyumbani Congo nina jina, nina posti-nomo, nina prenomo. Kambini Nyarugusu, Tanzania, waliandika moja mbele, Marekani wameandika lingine mbele. Na tarehe ya kuzaliwa: mimi Januari mosi, kaka yangu Januari mosi, shangazi Januari mosi. Walioandikwa bila cheti wote tumezaliwa siku moja! Kaka yangu na mimi majina mawili yanafanana, mwaka wetu ule ule. Alifanyiwa upasuaji wa ngiri, mimi nikatumiwa barua ya kuniuliza kidonda kinaendeleaje.

Basi hata kama kampuni ni ya malaika, hiyo kompyuta itajuaje?

#19 Muuguzi Des Moines

#18 hilo nakutana nalo kila wiki. Na lugha pia. Mtu ameandikwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa kwenye orodha, kumbe nyumbani ni Kibembe au Kifuliiru. Mkalimani akija, kuna msimbo wake, T1013, lakini kuna majimbo yanayoulipa na yasiyoulipa. Pasipolipwa, kliniki nyingi haziuandiki. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa namba ni wagonjwa wangapi wa Kiswahili walitafsiriwa mwaka jana, utapata sifuri mahali ambapo mkalimani alikuwepo kutwa nzima. Haki ya mkalimani wa bure ipo vilevile, hata msimbo usipoandikwa.

#20 Mama Neema (Louisville)

Hili la majina limenigusa. Neema amezaliwa hapa Louisville. Hospitali hatukuwa tumempa jina bado, tulikuwa tunamsubiri bibi yake apige simu kutoka Uvira. Bangili ya mkononi iliandikwa mtoto wa kike na ukoo wangu. Jina lilikuja siku ya nne. Inawezekana?

#21 Kalamu ya Columbus

Inawezekana sana! Mtoto anaweza kuwa na kumbukumbu mbili, moja ya "mtoto wa kike" na moja ya Neema. Zisipounganishwa, chanjo zinaweza kukaa kwenye rejista ya jimbo kwa jina moja, na bima inasoma jina la pili. Ukipiga simu uliza kama kuna namba mbili za mwanachama kwa tarehe ile ya kuzaliwa.

#22 Jirani wa Dallas

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Hapa kwetu kuna kina mama wameacha kabisa kwenda kliniki. Wanasema taarifa za Medicaid zinapelekwa kwa watu wa uhamiaji. Nyie mnalia taarifa hazifiki, wao wanalia zinafika mno.

#23 Takwimu wa Hartford

Hujatoka nje ya mada. Juni 2025 ilijulikana kwamba taarifa za Medicaid za majimbo kadhaa, California ikiwemo, zilikabidhiwa idara ya usalama wa ndani, ambayo watu wa uhamiaji wako chini yake. Majimbo 20 yalikwenda mahakamani Julai, na Agosti jaji akazuia matumizi hayo kwa muda kwa majimbo yaliyoshitaki. Kesi imeendelea kupita zamu zake, na amri zimebadilika njiani, kwa hiyo mwenye hali tete aongee na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuongea na sisi. Pia sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inawaondoa Medicaid wakimbizi wengi wasio bado na kadi ya kijani, kuanzia Oktoba 1, 2026. Mtoto aliyezaliwa hapa kama Neema ni raia, hilo halimgusi.

Inaniumiza kusema haya kwa sababu kazi yangu yote ni kuomba watu waaminiwe na waandikwe. Mtu akiogopa kuandikwa, mimi sina hesabu.

#24 Mkongo wa Dayton

Na faida? Mtu anijibu. Kampuni isipotumia pesa ya kichwa inabaki nayo yote, sivyo?

#25 Kalamu ya Columbus

Si yote. Kanuni ya 2016 inataka viwango vipangwe kwa matarajio kwamba angalau asilimia 85 itaenda kwenye huduma na kuboresha huduma. Isipofika, kuna majimbo yanayodai tofauti irudishwe, na mengine hayadai. Na vilevile #2, kampuni ina sababu ya kutaka kipimo cha Neema kionekane: majimbo mengi yanazipima kwa viwango vya HEDIS, yaani alama za ubora wa huduma, na mtoto kupimwa risasi kabla ya kutimiza miaka miwili ni mojawapo. Barua ile ya Mama Neema imetoka huko. Kampuni inamtafuta Neema kwa sababu kwenye alama zao anahesabika amekosa.

#26 Mwalimu Sumbawanga

Kwa hiyo ileile taarifa, kwenye alama wanaitafuta kwa tochi, na kwenye gharama hawana haraka nayo?

#27 Takwimu wa Hartford

Mwalimu, nakuazima sentensi hiyo kesho kazini.

#28 Muuguzi Des Moines

Mama Neema, fanya hivi kabla watu hawajakuzamisha. Omba kliniki nakala iliyochapwa ya kipimo na chanjo zote. Omba bima orodha ya madai yote ya Neema kwa maandishi, sheria ya 1996 inakupa haki hiyo na wana siku 30 kujibu. Kampuni hizi za Medicaid pia zinatakiwa kukuruhusu kuyaona madai kupitia programu ya simu, usijali kama Kiingereza ni kigumu, tutasoma pamoja hapa. Ficha namba za mtoto kabla ya kupachika picha.

#29 Mama Neema (Louisville)

Nimerudi baada ya siku tisa. Kliniki wamenipa namba: 2.1. Nimelia kwa furaha kwenye maegesho.

Sasa mengine. Bima wamekiri kuna namba mbili, ya "mtoto wa kike" na ya Neema. Wameziunganisha. Chanjo za alipokuwa mchanga zimejaa. Lakini kipimo cha risasi bado hakipo, na sindano ya Machi bado haipo. Kliniki wanasema dai la kipimo lilirudi na hawajui kwa nini. Jimbo wananiambia niulize bima. Je, nikubali achomwe tena?

#30 Muuguzi Des Moines

2.1! Ashukuriwe Mungu. Kuhusu kuchomwa tena: kwa watoto wa Medicaid kipimo kinatakiwa miezi 12 na miezi 24. Hiki cha pili kimefika wakati wake hata barua isingekuja. Mpeleke, na uwaambie waandike QW mbele ya macho yako. Chanjo ya Machi asirudie, kadi yako inatosha, waiingize upya.

#31 Takwimu wa Hartford

Mama, swali moja ambalo hatukukuuliza wote. Neema yuko na kampuni hii tangu lini?

#32 Mama Neema (Louisville)

Tangu Januari. Kabla ya hapo tulikuwa na nyingine, tulibadilisha kwa sababu daktari wa meno hakuwa kwenye orodha yao.

#33 Takwimu wa Hartford

Na damu ilitolewa Desemba. Kwa hiyo dai lile lilikuwa la kampuni ya zamani, na kama kliniki walilituma Januari kwa hii mpya, lazima lirudi, QW au bila QW.

#34 Muuguzi Des Moines

Ooh. Hilo linaeleza kipimo.

#35 Mama Neema (Louisville)

Linaeleza kipimo. Lakini sindano ilikuwa Machi.

#36 Kalamu ya Columbus

Alichomwa kliniki ileile, au idara ya afya ya kaunti?